Kabuti la Baba

Katika sanduku la bati lililo chini ya kitanda changu limo kabuti moja la sufu, zito, la rangi ya majani makavu. Marehemu baba alirudi nalo kutoka vitani. Alikuwa askari wa KAR, alipigana Uhabeshi mwaka 1941, na kule katika milima ya Uhabeshi ndiko alikojua kwa mara ya kwanza, yeye mtu wa Handeni, kwamba baridi inaweza kumliza mtu mzima. Wajukuu huniuliza kwa nini sijalitupa, maana nondo wamelitoboa kwapani, na hapa tunapoishi joto la Januari halimwachii mtu hata shati mwilini. Huwajibu kuwa kabuti lile ni kitabu cha historia. Wao hucheka, nami hucheka nao, lakini sijapata kuwaeleza kilichoandikwa ndani yake. Insha hii ndiyo maelezo yenyewe, na ndani yake limo kosa langu moja ambalo sikulitaja kwa miaka mingi.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mkoani Kilimanjaro. Nilikuwa nimekwisha kufundisha miaka zaidi ya kumi tangu nitoke chuo cha ualimu, na bado nilikuwa na imani ile ya chuoni kwamba mwalimu akishalisoma jambo kitabuni amelijua. Likizo ya Juni ilipofika niliwachukua wavulana kumi na wawili tuupande mlima. Hatukukusudia kufika kileleni. Tulikusudia kufika vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, tulale, tushuke. Nilitaka waione kwa macho yao njia ya Marangu, ambayo nilikuwa nikiwachorea ubaoni kila mwaka nilipofundisha habari za wapelelezi wa Kizungu. Masika yalikuwa yamekwisha na msimu wa kupanda ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Sikujua wakati ule kwamba mwanzo wa msimu ndio wenye hila kuliko nyakati zote, kwa kuwa mchana jua huwaka kama la kiangazi, na jioni mawingu hurudi kana kwamba yamesahau kitu.

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa mwaka 1983 ulikuwaje. Vita vya Uganda vilikuwa vimetuachia deni, msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umeanza, na watu walipanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni. Sweta ilikuwa mali ya kurithiwa. Wavulana wangu walikuja na kile walichokuwa nacho: fulana ya pamba, mashati mawili ya shule, suruali ya tetroni, na blanketi la bweni. Kati ya wale kumi na wawili, wanne tu ndio waliokuwa na sweta za sufu.

Pale lango la Marangu niliwapanga mstari kama tulivyozoea paredi ya asubuhi, nikatoa amri. Niliwaambia wavae kila kitu walichonacho, na kwamba yeyote nitakayemwona amevua nguo njiani atarudi shuleni peke yake. Niliona nimefanya jambo la busara la mzazi. Mimi mwenyewe kabuti la baba sikulivaa. Lilikuwa zito mno kupandia, kwa hiyo nililikunja nikalitia ndani ya gunia la nailoni, nikamkabidhi mmoja wa wapagazi wetu wawili alibebe juu ya mzigo wake mwingine. Pamoja na wapagazi tulikuwa na mwongozaji mmoja, mzee wa Marangu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Yeye alianza safari na shati moja, sweta kaifunga kiunoni. Nilimwona, nikajiambia kuwa hayo ni mazoea ya wenyeji.

Siku ya kwanza tulipita msituni, tukalala Mandara. Siku ya pili ndipo amri yangu ilipozaa matunda yake. Tulipotoka msituni asubuhi jua lilikuwa kali, na vijana wale, wamejifunga mashati mawili-mawili na fulana, walipanda wakitoka jasho hadi migongo ikawa na ramani nyeupe za chumvi. Mmoja aliomba ruhusa ya kuvua. Nilimkatalia. Saa nane mchana ukungu ulishuka, saa tisa yakaanza manyunyu pamoja na upepo. Mvua yenyewe haikuwa kubwa. Nguo zilikuwa zimekwisha kulowa kutoka ndani kabla hazijalowa kutoka nje.

Tulifika Horombo karibu saa kumi na moja. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, mdogo wa umbo kuliko wenzake, alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Nilimweka kitandani na nguo zake, nikamfunika blanketi. Baada ya muda aliacha kutetemeka, nami nikamshukuru Mungu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kilevi kama kengele ya chakula imekwisha kupigwa.

Mzee mwongozaji alikuwa mlangoni. Aliingia, akamshika shingo, akasema, "Mwalimu, huyu hajapona. Mwili wake umechoka kupigana."

Akaniamuru, kama mimi nilivyowaamuru watoto kule langoni, nimvue kijana nguo zote. Niliuliza kama na fulana pia. Akasema, "Fulana ndiyo ya kwanza, Mwalimu. Hiyo ndiyo inayomwua." Akamwomba mvulana mwingine sweta yake ya sufu iliyokuwa kavu, akamvalisha mgonjwa juu ya ngozi tupu. Akamzungushia mablanketi mawili. Juu ya hayo akaweka kipande cha nailoni alichokuwa amekikunja ndani ya mfuko wake, akamwingiza humo humo kijana mwenye mwili mkubwa, mkavu, ili amkumbatie. Kisha akanigeukia.

"Na lile kabuti lako, Mwalimu, liko wapi?"

Lilikuwa kavu kabisa ndani ya gunia lake. Tuliwatandikia wote wawili juu. Kiasi cha saa tatu usiku kijana alianza kutetemeka upya, nami nikashtuka. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuonane. "Sasa anarudi," akasema, akaomba chai yenye sukari nyingi, akamnywesha kidogo kidogo.

Usiku ule sikulala, na mzee naye alikaa nami. Nilimwuliza alijifunza wapi mambo yale. Akasema hakufundishwa na hifadhi wala na watalii, alifundishwa na baba yake katika kuwinda pimbi. Enzi za ujana wake, kabla mlima haujafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, wanaume walikuwa wakipanda katika msitu wa juu, wao na mbwa wao, kuwatafuta pimbi wa mitini ambao watu wengine huwaita perere. Nyama yake ililiwa, lakini kilichotafutwa zaidi ni ngozi, kwa kuwa pimbi wa kule juu ana manyoya marefu, laini, mazito. Ngozi nyingi zilishonwa pamoja zikawa joho moja. Mwindaji alikwenda kwenye baridi ili alete nguo ya kuizuia baridi.

Akanieleza kanuni zao, nami nazitoa hapa kama nilivyozipokea. Mwindaji huondoka nyumbani akisikia baridi kidogo. Anayeondoka na joto amekwisha kukosea, maana mlima utamtoa jasho. Anapopanda huvua kabla jasho halijaanza, na nguo hubebwa begani. Anapokaa kumvizia mnyama huvaa mara moja, asingoje mpaka asikie baridi, kwa sababu joto likishatoka halirudi kwa kuitwa. Nguo ya kulalia haivaliwi njiani hata mvua ikinyesha. Hukaa kavu mpaka jioni. Na la mwisho, afadhali nguo tatu nyepesi kuliko moja nene.

Niliposikia hilo la mwisho niliangalia kabuti la baba. Lilikuwa nguo moja nene. Baadaye nilielewa kwamba kabuti si nguo mbaya, ila lilishonwa kwa kazi nyingine. Ni vazi la askari wa zamu, anayesimama mahali pamoja usiku kucha, na ndiyo maana walinzi wa usiku katika miji yetu walilipenda kwa miaka mingi. Ukitembea nalo mlimani utaoga jasho, na likinyeshewa huwa mzigo wa kumwangusha punda. Nguo ya mwindaji ni tofauti, kwa kuwa mwindaji hutembea, husimama, hutembea tena. Anahitaji vazi linaloweza kuongezwa na kupunguzwa.

Nilipokuwa chuoni hakuna aliyenifundisha kwamba mavazi ni historia. Tulifundishwa wafalme, vita na mikataba. Lakini miaka minane baada ya safari ile ilitokea habari iliyonirudisha kwenye usiku wa Horombo. Tarehe 19 Septemba 1991, wapandaji wawili wa Kijerumani, mtu na mkewe, waliona maiti iliyojitokeza katika barafu inayoyeyuka, kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, mita 3,210 juu. Walidhani ni mpanda mlima aliyepotea miaka ya karibuni. Wataalamu walipompima ilibainika kuwa amekuwa pale kwa miaka kama 5,300. Watu wa kule wamempa jina la Ötzi. Alikuwa na upinde wa urefu wa mita 1.82 ambao hakuwa amemaliza kuuchonga, na podo lenye mishale 14, miwili tu ikiwa tayari. Tumboni mwake mlikuwa na nyama ya mbuzi wa milimani, nyama ya kulungu na ngano ya kale. Chavua za maua zilizokutwa matumboni zilionyesha kwamba alikufa mwanzoni mwa kiangazi cha kule. Yaani naye alikuwa mlimani mwanzo wa msimu.

Ndugu msomaji, tazama alivyovaa. Kiunoni alikuwa na nguo ya ndani ya ngozi laini ya kondoo. Miguuni alikuwa na soksi ndefu za ngozi ya mbuzi zilizofungwa kwenye mkanda, ambazo mtu angeweza kuzivua bila kuvua kitu kingine. Juu alikuwa na koti la vipande vya ngozi za mbuzi na kondoo, vyeusi na vyeupe, vilivyoshonwa pamoja. Kichwani kofia ya manyoya ya dubu, yenye kamba ya kufungia kidevuni. Ndani ya viatu vyake mlikuwa na wavu wa nyuzi za magome ya mti uliojazwa majani makavu, ili mguu ukae ndani ya hewa yenye joto. Ilikutwa pia kazi ya kusuka ya majani marefu, ambayo wengi wa waliomchunguza wanaona ilikuwa vazi la juu la kuzuia mvua na upepo. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mavazi yake yalitokana na wanyama wa aina kadhaa, wa kufugwa na wa porini, kila mmoja kwa kazi yake. Hakuwa mshenzi aliyejitupia ngozi. Alikuwa amechagua.

Hakufa kwa baridi. Mwaka 2001 picha za eksirei zilionyesha kichwa cha mshale ndani ya bega lake la kushoto. Binadamu mwenzake ndiye aliyemwua. Nguo zake zilikuwa zimefanya kazi yake.

Wenye elimu ya siku hizi hutufundisha kwamba mavazi ya mlimani ni ya tabaka tatu. Tabaka la ndani huondoa jasho mwilini, la kati hushika hewa, na la nje huzuia upepo na mvua. Kinachotupa joto hasa ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, na maji ndiyo adui wake, kwa kuwa maji huchukua joto la mwili haraka mara ishirini na zaidi kuliko hewa. Sufu hata ikilowa hubaki na hewa katika vikunjo vya nyuzi zake. Pamba hunywa maji, hulala juu ya ngozi, haikauki. Na kila unapopanda mita 1,000 hali ya hewa hupungua joto kwa nyuzi kama sita na nusu, hivyo mtu aliyeacha nyuzi 25 Moshi mjini hukuta nyuzi saba hivi Horombo, na hiyo ni kabla ya upepo. Nilipoyasoma hayo uzeeni niliona hayana jipya. Mzee wa Marangu alikuwa ameyasema yote, na Ötzi alikuwa ameyavaa.

Swali lililonisumbua likawa hili: ikiwa wenyeji wa mlima waliijua elimu hii, ilipotea vipi, hata mimi nikawapandisha watoto wa watu katika fulana za pamba? Jibu nililipata katika biashara, mahali ambapo mwalimu wa historia alipaswa kutazama tangu mwanzo.

Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Oman na Zanzibar. Meli za mji wa Salem zikawa zinaleta Zanzibar vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi, vilivyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Waswahili wakaviita marikani, jina ambalo bibi zetu wamelitumia mpaka juzi. Misafara ya pembe za ndovu ilikwenda bara na marikani na kaniki kama sisi tunavyokwenda na noti mfukoni. Wapagazi walibeba pamba, walilipwa pamba, walivaa pamba. Ilikuwa nguo nzuri kwa Pangani na Tabora. Uchagani nako ilipokelewa kwa furaha, ikawa alama ya ustaarabu na ukwasi, na joho la ngozi likaanza kuonekana vazi la mtu wa nyuma. Hivyo ndivyo elimu inavyopotea, bila ya mtu yeyote kuikataza. Inatosha watu wakianza kuionea haya.

Mmisionari Johannes Rebmann alikuja Uchagani na msafara wa namna hiyo. Tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya Kibo, akamwuliza mwenyeji wake wa safari ni nini. Mtu yule wa Pwani hakuwa na neno la theluji. Alijibu kwamba ni baridi. Wasomi wa London walimdhihaki Rebmann kwa habari hiyo kwa miaka mingi, lakini mimi nalipenda jibu la yule mtu wetu. Hakukitaja kitu kwa umbo lake, alikitaja kwa kile kinachomtendea mtu. Rebmann mwenyewe alisimuliwa kwamba mtawala mmoja wa zamani wa Machame aliwahi kutuma watu waulete ule weupe, wakidhani huenda ni fedha. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi.

Kisha akaja Hans Meyer. Alijaribu mwaka 1887 akashindwa, mwaka 1888 akatekwa katika vita vya Abushiri, na mwaka 1889 akarudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria. Wakakanyaga kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba, siku Purtscheller alipotimiza miaka 40. Nimewafundisha wanafunzi jambo hilo mara nyingi kupita kiasi. Niliwafundisha kidogo tu habari za wapagazi waliokuwa wakipandisha chakula kutoka kambi ya chini hadi hema la juu, ingawa mpango huo ndio uliowawezesha Wazungu wawili kukaa mlimani muda wa kutosha. Na nilichelewa sana kumfundisha Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa nao katika hema hilo kiasi cha mita 4,300, akipika na kulinda walipokuwa barafuni. Mtu wa Pangani! Mji ambao mtu hulala nje akitafuta upepo. Vitabu vimetuachia urefu wa kilele kwa mita. Havikutufundisha shuleni Mwini Amani alijifunika nini.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye kosa langu, ambalo si amri ya pale langoni. Amri ile nilikwisha kuiungama mbele ya wazazi wa kijana, nao walinisamehe, na kijana mwenyewe leo ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Kosa langu ni hili. Asubuhi iliyofuata pale Horombo, kulipokucha, nilitoka nje kwenda kibanda cha jikoni kutafuta maji ya moto. Nilimkuta yule mpagazi aliyebeba gunia langu amechuchumaa karibu na majivu. Alikuwa na shati lile lile la jana, la pamba, lililokuwa bado na unyevu, na kipande cha gunia mabegani. Alikuwa amebeba kabuti kavu la sufu siku mbili nzima, katika mvua, juu ya kichwa chake, nalo halikumfaa kwa lolote. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba." Nikamwomba maji, akanipa, nikaenda zangu. Nilikuwa nimekesha nikimlia mtoto mmoja aliyepatwa na baridi, na haikunipitia akilini kwamba mtu yule naye alikuwa na mwili. Sikumwuliza alilala wapi. Jina lake sikulijua siku ile, na sasa silijui.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi ni mtoto wa askari aliyebeba mizigo ya watu wengine katika milima ya watu wengine. Baba alinisimulia kwamba kabuti lile alilipata baada ya wenzake kuugua kwa baridi, maana mwanzoni walipanda milima ya Habeshi na kaptura. Nilisikia hadithi hiyo mara mia nikiwa mtoto. Nikakua, nikapata kazi ya heshima, nikapata mtu wa kunibebea kabuti, na hadithi ikanitoka.

Tangu siku ile mambo yamebadilika, na ni haki niyaseme. Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza uingizaji wa bidhaa, na miaka michache baadaye mitumba ilijaa masokoni, ile tuliyoiita kwa mzaha kafa ulaya. Tulilalamika kwamba imeua viwanda vyetu, na malalamiko hayo yana ukweli. Lakini pale soko la Memorial, Moshi, nimeona kwa macho yangu vijana wa mlimani wakichambua marundo, wakishika vitambaa kwa vidole kama wanunuzi wa kahawa: hii sufu, hii pamba iache, hii haipitishi maji. Elimu ya wawinda pimbi imerudi kwa njia ya robota la nguo zilizovaliwa na watu wa Ulaya na Marekani. Mji huo huo wa Moshi, tangu mwaka 2003, una mradi wa kuwasaidia wapagazi ambao pamoja na mambo mengine huwaazima nguo za baridi bila malipo. Sheria za hifadhi nazo zinasema mpagazi asibebe mzigo wa mtalii unaozidi kilo 20. Hata hivyo, kuwapo kwa ghala la kuazima nguo ni ushahidi kwamba bado wapo wanaofika langoni bila nguo za kutosha, wakiwa wamebeba begani makoti ya wengine.

Nikiwa mwalimu mkuu, miaka ya baadaye, nilipeleka safari nyingine tatu mlimani. Niliweka kanuni ambazo walimu wangu waliziona ni za ajabu. Tulikagua nguo siku tatu kabla, si langoni. Kila kijana alikuwa na sufu ya kuvaa juu ya ngozi, hata kama ni ya kuazima, na mfuko wa nailoni wenye nguo kavu za kulalia, usiofunguliwa kabla ya jioni. Tulianza kutembea tukisikia baridi kidogo. Kila baada ya saa moja tulisimama, nikauliza kwa sauti nani anatoka jasho, na aliyekuwa akitoka jasho alivua bila kuomba ruhusa. Na wapagazi wetu walikaguliwa katika mstari ule ule na wanafunzi. Aliyepungukiwa alipewa kutoka katika kapu la shule. Mpagazi mmoja mtu mzima aliona haya, akaniambia, "Mwalimu, mimi nimezoea." Nilimjibu kwamba hakuna mwili uliozoea, kuna mtu tu ambaye hajaulizwa.

Wajukuu wangu, sasa mnajua kwa nini kabuti limo sandukuni. Silihifadhi kwa sababu ya vita ya babu yenu mkubwa, ingawa vita ile ilikuwa kubwa. Silihifadhi hata kwa ajili ya yule kijana liliyempa joto. Nalihifadhi kwa ajili ya mtu aliyelibeba. Mkienda mlimani, kama ni kutembea, kama ni kusoma, kama ni kazi, chagueni nguo zenu vizuri, tatu nyepesi kuliko moja nene, na pamba iacheni nyumbani. Mkishamaliza kujikagua, mgeukieni anayewabebea mzigo, mmwulize jina lake, kisha mmwulize atalala na nini.